Nani Iko Nakanyaga?

Nyie munaikala kule nyuma, mukuye karibu! Mukamate viti, mukamate bidon, mukamate tofali, mutu asibakie wima. Na ule iko na simu yenye kuimba-imba, aizime mbele sijaimeza. Leo niko na kasirani. Munanizoea na michezo, sawa, michezo itakuya, lakini leo inakuya na kasirani ndani, kama pilipili ndani ya pondu, ile mboga ya majani ya muhogo: hauioni, unasikia tu machozi inatoka.

Nitawaambia juu ya Papa Voisin.

Jina alikuwa nayo, kama kila mutu. Lakini hapa kwetu Mangobo hakuna mutu aliitumikishaka. Alikuwa tu Papa Voisin, Papa Jirani, hata kwa batu ya kule mbali benye nyumba yao haikugusana na yake. Kasirani yake njo ilikuwa voisin yao. Weye unaamka, unafagia mbele ya mulango yako, fye, fye, fye, unasikia sauti toka mu dirisha yake:

— Nani iko nakanyaga?

— Papa, sikanyagi, niko nafagia.

— Fagia na mukono, acha kufagia na miguu!

Mbuzi inapita: nani iko nakanyaga? Avocat inaiva, inaanguka juu ya tôle ya nyumba: nani iko nakanyaga? Siku moja pasteur wa ile kanisa ya bâche, ya turubai, alikuya kumusalimia, na costume yake, na Biblia chini ya kwapa. Hajafika hata kwa mulango, dirisha inafunguka.

— Nani iko nakanyaga?

— Ni mutumishi wa Mungu, Papa.

— Mungu mwenyewe alitembea juu ya maji, hakuna mutu alisikia kitu. Weye unaweza kuvua viatu!

Pasteur akavua. Niliona na macho yangu, soksi ilikuwa na tundu ya kupitisha ndizi.

Na musifikiri yeye mwenye kuchukia makelele alikuwa na sauti kidogo. Akiuliza «nani iko nakanyaga» hapa Mangobo, bavuvi ya Yanonge, kule mbali chini ya mto, wanainua miguu ndani ya pirogue. Njo vile alikuwa. Alikuwa nafukuza nzi na nyundo. Na leo hakuna tena mutu wa kutuuliza nani iko nakanyaga, tunakanyaga vile tunataka, na hiyo pia inanitia kasirani!

Miye munanijua, ni quado. Naikala pa kona na pompe yangu, naziba matobo ya pneu. Kitambo ilikuwa za toleka, zile kinga, baiskeli za kubeba batu. Sasa ni za moto, zile pikipiki. Sikusoma. Shule ilinipita pale kona, ikanisalimia, ikaendelea. Lakini Papa Voisin alikuwa nakuya kwangu karibu kila siku, juu nilikuwa na kitu alitafuta kuliko chakula: mipira ya kizee, ile chambre à air ya ndani ya pneu, yenye haizibiki tena. Anaikamata, anaivuta, anaitia ku shavu kama mama anapima joto ya mutoto.

— Hii imekufa muzuri, anasema. Mupira mupya iko na kiburi. Hii imechoka, njo inajua kubeba.

Anaenda nayo bila kusema aksanti. Aksanti alikuwa naiweka kwa batu ingine, sijui nani.

Alikuwa na kitu ingine ananiletea: kiatu yake. Soulier ya ngozi, nyeusi, muzito kama deni… hapana, tuache maneno ya deni, nitakasirika zaidi. Muzito kama tofali. Chini ya kisigino alipendaka iko na chuma. Chuma ikilika, anakuya, «piga ingine», na miye napiga. Sasa musikie: ni ya kuume tu. Ya kushoto ilibakia na chuma yake ya zamani, inang'aa kama jino ya mubunge. Ya kuume inalika, napiga, inalika, napiga.

— Papa, namuuliza, weye unatembeaka na mguu moja?

— Piga chuma, acha kupiga mudomo.

Bon. Nikapiga chuma. Ile neno muiweke mu mufuko, tutaitoa.

Vita yake ilikuwa na nini? Batu walisema ni na makelele. Uongo. Makelele alikuwa naivumilia, si aliishi na sauti yake mwenyewe? Vita yake ilikuwa na kutetemeka. Mu nyumba alikuwa na pick-up, ile mashini ya kuzungusha disque, sahani za muziki, ya zamani, na ampli ya kuwaka taa nyekundu, na baffle mbili, sanduku za kutoa sauti, alizitengeneza na mbao ya caisse. Ukiingia anakuonyesha ile sindano, kidogo, kidogo, haifiki hata kipande ya kucha.

— Unaona hii? anasema. Makelele inaingia mu masikio, masikio unaweza kutia pamba. Kutetemeka inaingia hapa. Hii utaitia pamba wapi?

Na kwa nini kasirani yote hii juu ya sindano? Alors, mufunge midomo hapa, juu hapa hakuna mchezo.

Kitambo, mu ujana, yeye na wenzake walikuwa na groupe kidogo ya muziki. Gitaa mbili, mutu ya kuimba, na yeye. Na bibi, mke yake. Bibi njo alikuwa anaimba sehemu ya mwisho. Walitoa disque moja tu, ile ya kidogo, na groupe ikavunjika vile groupe zinavunjikaka: huyu Kinshasa, huyu ku Mungu. Bibi alibakia naye hapa. Alikuwa nauza lituma, ndizi ya kuponda, na samaki asubuhi, na mukimukumbuka, munakumbuka ile sauti: «Lituma ya motooo!» Ulikuwa unasikia njaa hata kama umetoka kula. Kisha akafa. Picha yake, mvua iliikula mu ukuta, ikabakia kitambaa ya kichwa na sikio moja. Donc sauti ya ule mama, mu dunia hii muzima, ilibakia pahali moja: mwisho ya ile disque.

Na sindano ilikuwa naruka pale pale.

Gitaa inapiga, muimbaji anaimba, inafika pahali mama anapashwa kuingia, krrrr! Sindano inateleza juu yake yote, inaangukia mwisho, kwenye disque inazunguka bure na kukohoa. Toka mama afe, Papa Voisin hajamusikia hata mara moja. Na kila kuruka inakwaruza. Disque iko nalika. Siku ingine hata sindano ikipita muzuri, itakuta hakuna mama tena, itakuta shimo. Alijua hiyo. Njo maana alikuwa anapigia batu kelele kama nyumba iko nawaka moto. Kwake ilikuwa nawaka kweli.

Miye nilimuambia, nenda kwa kijana mwenye studio, atakutilia yote mu simu.

— Disque haitoki mu nyumba hii. Nitamupandisha juu ya moto, na hizi barabara zenu?

— Basi inua sindano na mukono, uishushe moja kwa moja pale mama anaanza.

Alinitazama kama nimetapika ku meza.

— Unataka nimuburute na mukono? Mama anaingiaka wakati anaitwa.

Mutu kama huyu unamusaidia namna gani?

Alipima na kujaribu kila kitu yenye bei yake ni kuomba tu. Alianza na mipira yangu: anaikata vipande, anaikunja, anaweka chini ya kila mguu ya pick-up. Ikasaidia kidogo. Kisha babouche, kandambili za kizee, anakata visigino, anaweka chini ya baffle. Mutaa muzima ilikuwa natafuta babouche yake ya kushoto. Kisha alileta mchanga ya rivière, ya mto Tshopo, akaianika, akaichunga na kichungi kama bunga ya maandazi, akajaza mu sanduku ya mbao, juu yake akalaza jiwe ya bapa, juu ya jiwe njo pick-up. «Mchanga inakula kutetemeka,» aliniambia. Kweli, ilikuwa naikula. Lakini haikushiba.

Kisha akaanza mambo ya kwanga, ile mukate ya muhogo ya kufunga mu majani.

Musicheke! Mama muuza kwanga mwenyewe iko hai, mutamuuliza. Anakwenda kwake asubuhi:

— Nipe kwanga za baffle.

— Za nini?

— Za kuweka chini ya baffle. Kwanga ni nzito, na ukiifinya inarudi. Ni mupira wa Mungu. Nipe za Yanonge, za hapa iko laini kama mashavu ya mubunge.

Anaikamata kila kwanga, anaipiga na kidole, anatia sikio. Mama wa watu anamutazama tu, mikono ku kiuno.

— Papa, batu iko na njaa mu mji hii, weye unalisha baffle?

— Baffle zangu zinakula bila kumaliza. Weye batoto yako wanamaliza.

Na ilifaa! Nawaapia, sauti ya chini ikatoka safi, kama mutu ametoka kuoga. Siku kidogo. Kisha mbuzi ikasikia harufu. Kwanga ikianza kuchacha, mbuzi inaisikia toka rive gauche, ngambo ya mto. Ikaingia, ikakula kwanga ya chini ya baffle ya kuume, baffle ikaiangukia mu mugongo, waya ikashika mu pembe, na mbuzi ikatoka mbio na baffle, na baffle bado iko naimba. Waya ilikuwa na urefu gani? Musiniulize urefu! Ilipita mbele ya kanisa ya bâche na rumba yake, waamini wakafikiri ni jibu ya maombi, wakasimama kucheza. Papa Voisin alikuwa nyuma nakimbia, nalalamika: «Polepole! Usiikanyage-kanyage!»

Kisha alikuya kwangu kuomba pneu nzima. Pneu za gari, zenye zimekufa. Akazilaza mu chumba, juu yake akapigilia mbao, chumba muzima ikaelea. Kutetemeka ya udongo haiwezi kupanda, alisema. Ukiingia, unasikia uko mu pirogue. Nilimuuliza nani atanivusha.

Na juu ya meza, ile ya mwisho, njo ilikuwa akili ya kweli: mupira ya brouette, ile toroli ya kusukuma, ipompwe nusu tu, si kujaza, juu ya mupira ubao, juu ya ubao jiwe, juu ya jiwe pick-up. Pompe ilikuwa yangu. «Nusu,» alinipigia kelele, «ukijaza, inakuwa ngumu, inapeleka kila kitu juu. Iache ipumue!» Nilitia kidole ku ile jiwe wakati moulin, mashini ya jirani, inasaga: kimya. Jiwe ilikuwa nalala kama mutoto ameshiba.

Sindano ikaruka vile vile.

Sasa tufike kwa moulin, na kasirani yangu inaanza hapa.

Ukuta yake na ukuta ya Mama Moulin ni ukuta moja. Mama Moulin, ule mama munene wa mashini ya kusaga muhogo, mwenye bunga inakaaka mu kope mpaka Noël. Mashini yake ni ya courant, ya umeme. Pick-up ya Papa Voisin ni ya courant. Munaona mutego? Maji ya Tshopo inaanguka muchana na usiku bila kupumzika, lakini courant yetu, yenye inatoka mu ile maji, inapumzikaka kama mufalme. Ikirudi, wamama wanatoka kila nyumba na bassin za muhogo ku kichwa, wanakimbia kwa moulin, na moulin inaanza, gudu-gudu-gudu-gudu, na ukuta inacheza. Courant ikikatika, moulin inanyamaza, na pick-up pia inanyamaza. Kwa ile mutu, toka kilio ya bibi iishe, siku yenye iko na courant bila moulin haikuumbwa!

Alipima na batterie ya moto. Pick-up ikazunguka polepole, gitaa ikatoa sauti ya ngombe mugonjwa. Akazima mbio mbio mbele mama hajaingia. «Sitaki aniingilie na sauti ya askofu,» alisema.

Donc kwake mukosaji alikuwa moja: Mama Moulin. Kila siku, na mukono kwa ukuta: «Weye mama! Unasaga muhogo ao unasaga mifupa yetu?» Na Mama Moulin anajibu bila kuzima mashini, na sauti inapita juu ya mashini:

— Papa, ile fufu ulikula jana ilisagwa na mudomo yako?

Na ni kweli! Alikuwa namutukana na bunga yake mu tumbo. Anatuma muhogo yake kwa ile ile moulin, na anasema isagwe laini. Vile vile na ule kijana wa barabara yetu mwenye alinunua baffle ndefu kama jeneza mbili: Papa Voisin alimutukana mpaka mama yake mu kijiji akapiga chafya, kisha akaingia kwake na kisu na vipande ya mipira, akashinda muchana muzima chini ya baffle, anatia mupira chini ya kila kona. «Kama unatuua,» alimuambia, «utuue muzuri.»

Lakini kuhusu Mama Moulin hakukuwa na muzuri. Na miye hiyo inaniuma. Juu wakati ya matanga ya bibi yake, nani alizima mashini, siku zote za kilio, na courant iko? Nani alileta bassin ya fufu kila jioni? Ni huyu mama. Na Papa Voisin alijua, na bado alikwenda kwa chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, akasema moulin ifungwe. Ifungwe! Mutaa muzima ikule nini, mchanga yake? Nilimuambia siku ile pa kona, pompe mu mukono: «Papa, uko mubaya.» Akaniangalia. «Najua,» akasema. «Lakini disque iko nalika.» Utamupiga? Siwezi kumupiga. Nikapiga pneu.

Sasa ile siku.

Courant iko, jua iko, foleni ya wamama inafika mpaka kwangu. Moulin gudu-gudu. Mara Papa Voisin anatoka mu nyumba, shati wazi, na anasema mbele ya kila mutu, anasema neno yenye haisemwi:

— Weye mama, uko naua bibi yangu mara ya pili!

Mama Moulin hakutukana. Alipanguza mikono ku pagne ya kiuno, akashusha manche ya kukata courant. Mukanda ikasema fuuuu, mashini ikalala. Miye hapa pa kona sikujua tena kama ninasikia, ile kimya ilikuwa nene.

— Nimezima, anasema. Courant iko, moulin haiko. Ingia utie disque yako, na siye tunaingia nyuma yako. Sindano ikipita, nitafunga moulin, nitaiuza, utanisikia tu njiani. Sindano ikiruka, utapiga magoti hapa mu bunga, mbele ya hawa wamama, na utaniomba pardon.

— Hakuna mutu anaingiaka wakati ya disque!

— Leo wanaingia.

Na kweli, hakuna mutu aliingiaka. Miaka yote alikuwa nafukuza kila mutu mbele ya kutia sindano, anafunga mulango, anabakia peke yake. Ile siku tuliingia. «Muvue viatu!» Tukavua: wamama, muuza kwanga na bassin yake ku kichwa, miye. Mbao ikaelea chini yetu, iiih, mama moja akashika mwenzake kama mu pirogue imejaa. Yeye mwenyewe hakuvua. Nikaikala chini, karibu ya kiti yake, juu pahali ingine hakukuwa.

Akatia sindano. Akaitia muzuri. Gitaa ikaanza. Batoto ya leo hamujui gitaa ya vile, inapigwa kama mutu anachagua mchele, moja, moja, moja. Muimbaji akaimba yake. Nilitazama ile jiwe juu ya mupira yangu: inalala. Hakuna mutu anapumua. Gitaa ikashuka, ikafungua nafasi kidogo, nafasi ya mutu kuingia…

Krrrrr!

Disque ikabakia inakohoa.

Hakuna mutu alisogea. Moulin ilikuwa imekufa kule. Papa Voisin alitugeukia, na neno ikamutoka na sauti kidogo, sijawahi kuisikia kwake:

— Nani iko nakanyaga?

— Magoti, Mama Moulin anasema. Bunga iko nakungoja.

Na Papa Voisin akaanza kushuka ku kiti. Mutu muzima, murefu kama antenne, akaanza kukunjika. Na hapa miye nikapata kasirani ya kweli, juu ubao ilikuwa imenipiga mu matako!

— Mungoje! nikasema. Mungoje kwanza! Papa, tia tena.

— Unamusaidia? Mama Moulin ananiuliza.

— Simusaidii. Ubao imenipiga, nataka kujua nani aliisukuma.

Akatia tena. Sasa sikutazama disque, sikutazama jiwe. Nilitazama pahali ubao ilinipigia. Gitaa ikapiga, muimbaji akaimba, nafasi ikafunguka, na mbele ya macho yangu kisigino ya kuume, na chuma yangu mwenyewe chini, ikainuka, ikashuka: KO!

Krrrrr!

— Papa, nikasema. Ni mguu yako.

— Mguu gani?

— Hii. Angalia. Hii yenye inalika chuma.

Alitazama mguu yake kama mutu amekuta mugeni mu kitanda. Wamama hakuna alicheka. Kisha akaanza kusema, polepole, na yeye hakujuaka kusema polepole.

— Hatukukuwa na ngoma, akasema. Ngoma ilikuwa ya batu ya mali. Ngoma yetu ilikuwa kiatu yangu. Na yeye alikuwa anafunga macho akiimba, hakuweza kujua wakati ya kuingia. Basi napigaka mara moja. Ko. Njo anaingia. Ni miye nilikuwa namuitaka.

Munaelewa? Mama alikufa, muhogo ilisagwa, mipira yangu yote ilikwisha, mchanga ya Tshopo ilikaribia kwisha, na mguu ya ule mzee haikuambiwa kitu. Ilikuwa inaendelea kumuita tu. Na hizo mbao za kuelea, hizo pneu, hiyo mupira ya nusu, yote alifanya juu ya moulin, na ilizuia moulin kweli. Lakini mutu mwenye kupiga chuma juu ya mbao yenye kuelea, nani atamuzuia?

Mama Moulin alisogea. Nilifikiri anakuya kumupiga kofi, nikasema sawa, hata miye nitaongeza yangu. Aligeukia muuza kwanga.

— Leta moja.

— Ya kula?

— Ya mguu.

Muuza kwanga akatoa kwanga, ya Yanonge, ngumu. Mama Moulin njo alipiga magoti, yeye, na uzito yake yote, mbao ikalia. Akainua ile mguu, akasukuma kwanga chini ya kisigino, akashika mguu na mikono mbili, bunga ikabakia ku suruali.

— Sasa, akamuambia, muite.

Akatia sindano. Gitaa, moja, moja, moja. Muimbaji. Nafasi ikafunguka. Niliona kisigino inainuka, Mama Moulin hakuizuia, aliiacha. Ikashuka mu kwanga: pf.

Na mama akaingia.

Sitawadanganya hapa, hata kama ni kazi yangu. Sauti ilikuwa na mikwaruzo kama mutu anaimba nyuma ya mvua. Lakini ni yeye. Sauti ya musichana, ya pua kidogo, ya mutu mwenye kutabasamu wakati anaimba. Mama moja nyuma yangu akasema chini-chini, «lituma ya moto,» na ule mwingine akamufinya anyamaze. Aliimba yake yote. Alimaliza. Disque ikazunguka bure, na hakuna mutu alinyoosha mukono kuizima.

Tulimutazama Papa Voisin. Tulingoja machozi, si njo ilikuwa wakati? Macho yake ilikuwa nyekundu, midomo ikafunguka, na akasema, na kasirani yake ile ile ya kila siku:

— Amechelewa kuingia.

Na Mama Moulin, bado ku magoti, bado anashika mguu mu mikono, bunga mu kope imeloana, akapasuka:

— Amechelewa? Papa, mama alikuwa pale ku mulango toka kitambo, na weye njo ulikuwa namupigia hodi na hii mguu, na kumufungia mulango na hii hii!